Kumsaidia Mtoto wa Shule ya Msingi Asome, Aandike na Ajieleze: Mwongozo Kamili kwa Mzazi na Mlezi

Kila mwaka wapo wazazi wanaogundua kwamba mtoto hajui kusoma pale Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne unapokaribia. Madaftari yamejaa, mwandiko unapendeza, vema ni nyingi, lakini ukimpa kitabu asichokizoea anakwama mstari wa kwanza. Muda wote huo alikuwa ananakili ubaoni, na mtoto anaweza kunakili ukurasa mzima bila kusoma neno hata moja.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi, au dada na kaka mkubwa anayekaa na mtoto wa darasa la kwanza hadi la nne. Nimefundisha madarasa ya chini, na msimamo wangu ni huu: kutamka maandishi ya Kiswahili ni kazi nyepesi kuliko wengi wanavyodhani, ila kuelewa yaliyoandikwa ni kazi nzito kuliko wanavyodhani. Irabu zetu ni 5 tu, na kila moja ina sauti ileile popote inapokaa. Mtoto akifundishwa kwa mpangilio, hachukui muda mrefu kuweza kutamka karibu neno lolote. Maana ndiyo inayochukua miaka, na inajengwa kwa mazungumzo. Kwa hiyo katika hatua zote zinazofuata mtoto aseme kwanza, kisha asome, kisha aandike.

Hatua ya 1: Jua mtoto yuko wapi

Usianze na darasa alilopo, anza na anachokiweza. Mpango wa Uwezo, ulioanza mwaka 2009 katika Kenya, Tanzania na Uganda, ulipima watoto nyumbani kwao kwa karatasi fupi yenye ngazi: silabi, maneno, aya, na hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Kipimo cha namna hiyo unaweza kukiandaa mwenyewe jioni moja.

Chukua karatasi, andika kwa herufi ndogo zilizo wazi. Juu weka silabi 10 zilizochanganywa (ma, ke, tu, si, lo, bi, na, po, de, ya). Chini yake weka maneno 10 ya kawaida, mengine mepesi kama *meza* na *kuku*, mengine kama *ndege*, *mbuzi* na *nyumba*. Kisha aya fupi, kwa mfano:

*Juma ana mbuzi mmoja. Mbuzi wake anapenda majani mabichi. Leo asubuhi amekata kamba. Juma anamtafuta shambani, lakini mvua imeanza kunyesha.*

Anza na maneno. Akisoma mengi bila taabu, mpandishe kwenye aya. Akishindwa, mshushe kwenye silabi. Baada ya aya muulize, "Kwa nini Juma yuko shambani?" Akisoma aya yote vizuri halafu asijue cha kujibu, tatizo lake ni maana, na utakaa zaidi kwenye hatua ya 5 na ya 7.

Angalia pia mtego wa kukariri. Wapo watoto wanaosoma kitabu cha shule mwanzo hadi mwisho huku macho yakiwa kwenye picha. Funika picha, mwombe asome neno la mwisho la sentensi kwanza, au mwandikie neno ambalo halipo, kama *bemo* au *tilaku*. Anayesoma kweli atalitamka. Anayekariri atakutazama usoni.

Fanya haya bila mtihani mtihani. Mwambie mnacheza, na usimlinganishe na ndugu yake.

Hatua ya 2: Masikio kabla ya macho

Kabla ya kuona herufi, mtoto asikie kwamba neno lina vipande. Pigeni makofi kwa kila silabi: *ki-ta-bu*, makofi matatu. *E-mbe*, mawili. Hapo hapo mpe *m-to-to* na *mbu-zi*. Katika *mtoto*, m inasimama peke yake na inapata kofi lake. Katika *mbuzi*, m imeshikamana na b na zinapita kwa kofi moja. Mtoto akiisikia tofauti hiyo kwa masikio, ataacha kuandika "mutoto" na "mubuzi" mapema sana, bila kuelezwa kanuni yoyote.

Michezo mingine ya njiani au jikoni:

- "Sema *kitabu*. Sasa sema bila *ki*." (*tabu*)
- "Geuza *lima*." (*mali*) "Geuza *kata*." (*taka*) Watoto wa pwani wana mchezo wao wa kusema kinyume, wakigeuza silabi hadi mtu mzima haambulii kitu. Uache uchezwe, ni mafunzo kamili ya silabi.
- "Nani anaona kitu kinachoanza na sauti *sss*?"

Kama kwenu au kwa majirani l na r zinachanganywa, au dh inatamkwa z, usimcheke. Mpe jozi za kusikiliza na aonyeshe kwa kidole picha au kitu: *kalamu* na *karamu*, *kula* na *kura*, *mahali* na *mahari*, *dhana* na *zana*, *thamani* na *samani*. Asikilize kwanza kwa siku kadhaa ndipo umtake atamke.

Hatua ya 3: Kutoka sauti hadi neno

Hapa ndipo tunapopoteza muda mwingi nyumbani. Mtoto anaimbishwa *a, be, che, de* mpaka mwisho, au *ba be bi bo bu* ukuta mzima, na miezi inapita kabla hajasoma neno lenye maana. Mpe herufi chache, na siku ileile ajenge neno.

Tumia sauti ya herufi badala ya jina lake. M ni *mmm*, haisemwi "emu". Mtoto aliyefundishwa majina ataunganisha "emu-a" na kushangaa kwa nini inakuwa *ma*.

Anza na irabu: a, e, i, o, u. Kisha m, k na t, moja baada ya nyingine. Kwa herufi hizo nane tu mtoto tayari ana *mama, kaka, kuku, kiti, moto, mkate, kamata, tikiti*. Anaweza hata kusoma sentensi nzima: *Mama ameketi. Tatu amekata tikiti.* Furaha ya mtoto aliyesoma sentensi ya kwanza inampeleka mbali kuliko zawadi yoyote. Baada ya hapo ongeza n, l, b, s, p, d, w, y, j, h, g, f, z, r, v, na kila herufi mpya ikutane na za zamani ndani ya maneno.

Kata boksi la biskuti au la sabuni upate kadi ndogo. Kila kadi silabi moja. Mtoto apange mezani: *ka, ta, ma* zinatoa *kata, taka, kama, kamata*. Kama hakuna boksi, vizibo vya soda vilivyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito vinatosha, na mchanga wa uani unatosha zaidi.

Baadaye zinakuja ch, sh, ny, th, dh, gh, kh, halafu herufi mwambatano: mb, nd, nj, ng, nz, mv, kisha mw, kw, bw, tw, na mwisho zile za herufi tatu kama *mbwa* na *nywele*. Watoto wengi huanguka hapa. Utasikia "nedege" au "buzi". Dawa yake ni kuandika *mb* kwenye kadi moja, wala usizitenganishe kwenye kadi mbili, na kuanza na mvumo: *mmmm-bu*, *nnnn-de*. Rudia taratibu, punguza mvumo mpaka sauti zishikane. Jipe takriban wiki moja kwa kila jozi. Ukikimbia hapa utarudi darasa la tatu.

Usisahau *ng'* ya *ng'ombe* na *ng* ya *ngoma*. Mwambie avute *ng'* kwa muda mrefu. Itaendelea kuvuma puani bila kukatika. Kwa *ng* ya *ngoma*, g inagonga mwishoni na mvumo unakatika. Ndipo umwonyeshe ritifaa, ile alama ndogo inayotofautisha.

Hatua ya 4: Kusoma kila siku, dakika 15 hadi 20

Dakika chache kila siku ni bora kuliko tuisheni ya saa tatu Jumamosi. Utaratibu ni huu: siku ya kwanza wewe unasoma, mtoto anafuata kwa kidole. Siku ya pili mnasoma pamoja kwa sauti. Siku ya tatu anasoma mwenyewe. Hadithi ileile. Watu wazima huchoka kurudia. Watoto hawachoki, na kurudia ndiko kunakoleta wepesi.

Akikwama, nyamaza. Hesabu moyoni hadi tano. Bado amekwama? Funika neno, mfunulie silabi moja moja. Usimtajie neno zima kila mara, atazoea kukusubiri.

Kuhusu kasi, Tanzania iliweka lengo la maneno 50 kwa dakika kwa mtoto wa darasa la pili. Tumia kipimo hicho kama mwanga, usikitumie kama fimbo. Anayesoma maneno machache sana kwa dakika husahau mwanzo wa sentensi kabla hajafika mwisho wake, ndiyo maana haelewi. Ila usimkimbize kwa saa mkononi kila siku.

Vitabu vichache si sababu ya kuacha. Nyumba ina maandishi mengi: pakiti ya unga, kibao cha duka, maneno ya nyuma ya daladala na bajaji, ujumbe wa shangazi kwenye simu. Na kanga. Kila kanga ina jina lake, mara nyingi methali au fumbo, na mtoto anaweza kulisoma na kisha kumuuliza bibi linamaanisha nini. Jihadhari tu: kanga huandikwa kwa herufi kubwa, na mtoto aliyeanza na herufi ndogo anaweza kudhani hizo ni herufi nyingine kabisa. Mwonyeshe A na a, M na m, kwa jozi.

Kwa wenye intaneti, tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili za bure, zimepangwa kwa ngazi 5 kuanzia maneno ya mwanzo hadi hadithi za kusomewa. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Kwa mtoto anayeanza ningependelea karatasi, kwa sababu kidole chake kikigusa kioo cha simu ukurasa unahama na anapoteza mstari.

Mzazi usiyejua kusoma, usijitoe. Kaa naye, mwambie akusomee, halafu akusimulie. Ukiona usimulizi hauna kichwa wala miguu, mwambie arudie. Kazi hiyo haihitaji ujue herufi hata moja.

Hatua ya 5: Kuchimba maana

Kabla ya kusoma, tazameni jina la hadithi na picha: "Unadhani kitatokea nini?" Katikati, simama sehemu yenye utamu na uulize tena. Mwishoni, funga kitabu na mwambie asimulie.

Maswali yasiwe ya aina moja. Kwa ile aya ya Juma, "Mbuzi alifanya nini?" jibu lake limo kwenye mstari. "Kwa nini mbuzi alikata kamba?" halimo, mtoto ataunganisha kamba na majani mabichi. "Ungekuwa wewe ungeanza kumtafuta wapi?" linamtoa kitabuni na kumleta kwenye maisha yake. Watoto wetu huulizwa aina ya kwanza tu, na wakikutana na swali la pili kwenye mtihani wanaandika sentensi yoyote waliyoiona.

Chagua maneno mapya mawili kwa siku, yaingie kwenye mazungumzo ya kawaida. Amekutana na *mabichi*? Jioni mpe ndizi mbichi na mbivu mkononi, aseme ipi ni ipi.

Hatua ya 6: Kuandika

Mkono kwanza. Penseli ishikwe kwa vidole vitatu, miguu ifike chini au ikanyage kitu, daftari liinamishwe kidogo. Anayetumia kushoto asilazimishwe kulia. Liinamishe daftari lake upande wa pili na umkalishe kushoto kabisa mwa benchi ili asigongane na mwenzake. Herufi mpya ichorwe kwanza kwa kidole kwenye mchanga, kubwa, huku akitamka sauti yake.

Kisha imla fupi: maneno matano aliyoyasoma siku hiyo na sentensi moja. Imla inaonyesha kwa dakika tano asichosikia vizuri.

Lakini kuandika hasa ni kuandika cha kwake. Tuseme mtoto wa darasa la pili amekuletea hiki:

*jana nili kweda sokoni na mama tulinunuwa samaki mukubwa alafu tuka rudi nyubani*

Mkono wa mtu mzima unakimbilia kalamu nyekundu. Subiri. Kuna lini, wapi, na nani, kilichonunuliwa na kilichofuata, vyote kwa mpangilio. Hiyo ni kazi ya mtoto anayefikiri. Mjibu kwanza kwa habari yenyewe: "Samaki gani huyo? Mlimpika vipi?" Atakwambia alikuwa changu na alikaangwa. "Basi ongeza hilo." Sasa ana sentensi mbili, na amejifunza kwamba maandishi yana msomaji.

Ndipo uchague kosa la aina moja. Moja tu kwa siku. Leo chukua kutenganisha: "nili kweda", "tuka rudi". Mfundishe jaribio hili: je, kati ya *nili* na *kwenda* unaweza kuweka neno jingine? Haiwezekani. Basi ni neno moja, liandikwe kwa pamoja. Kati ya *samaki* na *mkubwa* je? *Samaki yule mkubwa.* Inawezekana, basi hayo ni mawili. Jaribio hilo litamfaa hadi sekondari, maana hata watu wazima huandika "ana soma". Wapo pia wanaogandisha yasiyogandishwa, kama "kwasababu". Hayo yaandikwe kwenye karatasi ya ukutani: *kwa sababu, kila siku, ya kwangu*.

Kesho chukua "kweda" na "nyubani", yaani nd na mb, urudi kwenye kadi za hatua ya 3. Keshokutwa "mukubwa" na "alafu". "Tulinunuwa" inaweza kusubiri. W hiyo inasikika mdomoni na mtoto ameandika alichosikia.

Mpe sababu za kweli za kuandika. Orodha ya sokoni aiandike yeye, na akisahau chumvi mboga itakayopikwa itamkumbusha. Ujumbe kwa baba aliye safari. Barua kwa bibi kijijini. Kadi ya Idi au Krismasi. Jina lake na la shule juu ya madaftari. Shajara ya sentensi tatu kila jioni inatosha, na ile ambayo hataki uisome, usiisome.

Kabla ya kila sentensi aiseme kwa mdomo na kuhesabu maneno kwa vidole. Mtoto anayelalamika "sijui niandike nini" mara nyingi hajapewa nafasi ya kusema.

Hatua ya 7: Kuzungumza

Kitendawili! Tega! Watoto wetu wana urithi mkubwa hapa na tunauacha kwa ajili ya katuni. *Nyumba yangu haina mlango* (yai). *Kuku wangu katagia mibani* (nanasi). Mtoto anayetegua anajifunza kwamba maneno yanaweza kusema kitu kimoja na kumaanisha kingine, na huo ndio ufahamu unaotakiwa darasa la nne. Akishatega za watu, atunge yake: achague kitu ndani ya nyumba, akieleze bila kukitaja.

Umeme ukikatika, ni saa ya *Paukwa! Pakawa!* Simulia, kisha kesho asimulie yeye. Kwa ndimi zinazokwama, *wale wali wa Liwali* irudiwe polepole, kisha haraka.

Ukimtuma kwa jirani, mpe ujumbe wenye vipande vitatu na arudie kabla ya kuondoka: "Shikamoo mama, mama amesema anaomba kukopa chungu, atakirudisha kesho asubuhi, na asante kwa mchicha." Hayo ni mazoezi ya kusikiliza, kukumbuka, kupanga na adabu kwa safari moja.

Jambo linaloniuma ni "nyamaza, wakubwa wanaongea". Adabu ya kusubiri zamu ni nzuri na ifundishwe, lakini zamu yenyewe ije. Wakati wa chakula mpe dakika moja aeleze siku yake, na kila mtu asikilize bila kushika simu. Badala ya "shule ilikuwaje?", ambalo jibu lake ni "nzuri", muulize, "Leo nani alichekesha darasani?"

Kama nyumbani mnaongea Kisukuma, Kiha, Kikamba au lugha nyingine, endeleeni. Mtoto anayesimulia vizuri kwa lugha ya mama tayari anajua hadithi inavyopangwa. Baki ni kumpa maneno ya Kiswahili. Asimulie kwanza kwa lugha yake, kisha msimulie pamoja kwa Kiswahili.

Wiki inavyoweza kwenda

Jumatatu hadi Jumatano, hadithi moja kwa utaratibu wa siku tatu, na maswali. Alhamisi, kadi za silabi na imla fupi. Ijumaa, kuandika cha kwake. Jumamosi, orodha ya soko na kusoma vibao njiani. Jumapili, vitendawili na simulizi tu, bila daftari. Siku ikiharibika, anza kesho yake palepale mlipoishia. Kila baada ya wiki nne hivi rudia karatasi ya hatua ya 1 kwa maneno mapya.

Ukiona haendi

Kugeuza b na d ni kawaida kwa mtoto wa miaka sita au saba. Ikiendelea baada ya hapo, au ikiwa amefanya mazoezi kwa miezi na bado hashiki silabi, usimwite mzembe. Mpime macho na masikio kwanza. Mtoto anayesogeza kitabu puani, anayekunja uso akitazama ubao, au anayesema "eeh?" kila akiitwa kutoka nyuma, huenda haoni au hasikii vizuri, na hakuna kadi ya silabi itakayotibu hilo. Wapo pia wenye ugumu mahususi wa kusoma ingawa akili zao ni kali; hao wanahitaji muda zaidi, hatua ndogo zaidi, na wakati mwingine mtaalamu wa elimu maalumu. Mwenye kigugumizi msubiri amalize mwenyewe, usimmalizie neno.

Mwalimu wa darasa mfuate mapema, mwanzoni mwa muhula, ukiwa na karatasi yako ya vipimo na daftari moja la maandishi yake. Usiulize "anaendeleaje?" Uliza: anasoma silabi, maneno au aya? Ni herufi mwambatano zipi bado? Anajibu maswali darasani au anakaa kimya? Mwambie na wewe mnafanya nini nyumbani, ili herufi anayofundisha wiki hiyo iwe ndiyo mnayoichezea jioni.